“Ilikuwa Chini ya Elfu Kumi”: Dhana Zinazowaponza Wenye Maduka ya Kutuma Pesa Kanada

Maneno hayo nimeyasikia tena juzi, nikiwa nimekaa nyuma ya kaunta ya duka la kutuma pesa magharibi mwa Toronto, rundo la risiti za miezi sita likiwa mapajani. Mwenye duka ni mzee anayeheshimika. Karo za shule, kodi za nyumba na gharama za misiba za nusu ya mtaa zimepitia mikononi mwake kwenda Nairobi, Mombasa, Dar na Bukavu. Nilimwonyesha risiti tatu, naye akanijibu kwa utulivu kabisa: “Binti yangu, hizo zote ziko chini ya elfu kumi. Hapo hakuna ripoti.”

Kazi yangu ni kukagua mipango ya uzingatiaji ya maduka kama hilo, yaani jinsi yanavyofuata sheria dhidi ya utakatishaji fedha. Sheria inataka ukaguzi huo ufanyike angalau kila baada ya miaka miwili. Katika miaka yote niliyoifanya, hakuna imani niliyokutana nayo mara nyingi kama hiyo ya elfu kumi, na hakuna iliyowaingiza hasara watu wengi wema kama hiyo. Leo naiandika yote.

“Chini ya dola 10,000 hakuna cha kuripoti”

Namba yenyewe haikutoka hewani. Ipo katika sheria ya Kanada ya mwaka 2000 dhidi ya utakatishaji fedha, ambayo ndiyo iliyoizaa FINTRAC, taasisi ya serikali inayopokea na kuchambua ripoti za miamala ya fedha. Ukipokea fedha taslimu za dola 10,000 au zaidi, unaripoti ndani ya siku 15. Ukituma au kupokea kwa njia ya kielektroniki kiasi hicho au zaidi kuvuka mpaka wa Kanada, unaripoti ndani ya siku 5 za kazi. Ukipokea sarafu za kidijitali zenye thamani hiyo, ni siku 5 za kazi vilevile, tangu Juni 2021. Hizi ni ripoti za kiasi. Hakuna anayetuhumiwa ndani yake. Mteja anaweza kuwa imamu, daktari au bibi yako mzaa mama, na ripoti itakwenda vilevile.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba elfu kumi huhesabiwa kwa risiti moja moja. Risiti tatu nilizomwonyesha mzee zote zilikuwa za Ijumaa moja. Saa nne asubuhi, dola 3,400 taslimu. Saa saba mchana, dola 3,400 taslimu. Saa kumi na nusu jioni, dola 3,400 taslimu. Watumaji watatu, majina matatu tofauti, lakini mpokeaji alikuwa mmoja, namba moja ya simu, Mombasa. Jumla dola 10,200. Kwa kanuni ya saa 24, miamala midogo inayofikia elfu kumi ndani ya kipindi hicho huhesabiwa kuwa mmoja endapo unajua imefanywa na mtu mmoja, au kwa niaba ya mtu mmoja, au kwa ajili ya mpokeaji mmoja. Na mzee alijua, kwa sababu aliwahudumia wote watatu kwa mkono wake na akaandika namba ileile mara tatu.

Hapo zilikuwa zinadaiwa ripoti mbili. Ya kwanza ni ya fedha taslimu, kwa sababu amepokea noti. Ya pili ni ya uhamisho wa kimataifa, kwa sababu amezituma nje. Kila moja ina tarehe yake ya mwisho, na moja haiifuti nyingine. Wengi hutuma ya fedha taslimu wakadhani wamemaliza, kumbe ile ya siku 5 ilishapitwa na wakati.

Mzee akaanza kuwatetea: “Lakini hao ni ndugu, walikuwa wanachanga matibabu ya mama yao.” Nilimwamini, na bado namwamini. Maelezo hayo yanajibu swali jingine kabisa, swali la kama kuna shaka. Kwenye ripoti za kiasi hayana kazi. Mchango wa matibabu ya mama ukifika 10,200 unaripotiwa kama mchango mwingine wowote, na ile familia haipatwi na lolote kwa sababu hiyo.

Kosa la pili ndilo linalonikosesha usingizi. Watu wanaichukua elfu kumi kama uzio, kwamba ukiwa ndani ya uzio uko salama. Ripoti ya muamala shuku, yaani muamala unaoutilia shaka, haina kiwango. Dola 200 zinaweza kuripotiwa. Hata sifuri inaweza kuripotiwa, kwa sababu muamala uliojaribiwa ukaachwa nao unahesabika.

Chukua mfano ambao nimeuona madukani zaidi ya mara moja. Kijana anakuja na dola 1,200. Keshia anamwomba kitambulisho, kwa sababu kwenye kutuma pesa ni lazima uhakiki utambulisho kuanzia dola 1,000. Kijana anavuta noti kadhaa nyuma na kusema, “Basi niandikie mia tisa.” Keshia anaandika mia tisa, na kila mtu anaenda zake. Wiki inayofuata anarudi na mia tisa nyingine, kwa mpokeaji mwingine, mji mwingine. Ukiziangalia kwa jicho la elfu kumi, risiti hizo ni vumbi tu. Lakini kile kitendo cha kupunguza kiasi baada ya kusikia neno kitambulisho ni dalili, na kinapoambatana na wapokeaji wanaobadilika kila wiki, mwenye duka anatakiwa kukaa chini na kujiuliza anatazama nini. Kama kijana angeondoka bila kutuma hata senti, swali lingebaki palepale.

Hapo huulizwa, “Sasa nitathibitishaje?” Huhitaji kuthibitisha. Sheria inazungumzia sababu za msingi za kushuku. Hisia tupu haitoshi, yaani kusema tu kwamba sura yake hukuipenda. Wala hutakiwi kuwa na uhakika, au hata kuamini kwamba uhalifu umetendeka. Unatakiwa kuwa na mambo unayoweza kuyataja (kiasi, mwenendo, anachofanya mteja kwa kuishi, dalili) ambayo yakiwekwa pamoja yanaonyesha kwamba utakatishaji fedha au ufadhili wa ugaidi unawezekana. Tangu Agosti 2024, ukwepaji wa vikwazo vya kiuchumi nao umeingia humo. Ukishafika kwenye hatua hiyo, ripoti inatumwa mapema iwezekanavyo. Haingoji mwisho wa mwezi, wala haingoji mhasibu arudi likizo.

Baya kuliko yote ni mfanyakazi anayetaka kumsaidia mteja: “Leo weka elfu tisa, nyingine ulete kesho, tusisumbuane na makaratasi.” Nimewahi kuikuta kauli hiyo imeandikwa, kwenye simu ya duka, kwa nia njema kabisa. Kugawanya miamala ili kukwepa ripoti ni kosa, na anayempa mteja ushauri huo anajitia mwenyewe humo ndani. Makaratasi aliyokuwa anayakwepa yangemchukua dakika ishirini.

Ushauri wangu, ambao wateja wangu wamechoka kuusikia na sitaacha kuutoa: mbele ya kila risiti andika mstari mmoja wa sababu. “Karo, mtoto wa kaka.” “Msiba, Tanga.” “Hakutaka kusema.” Andika palepale mteja akiwa bado amesimama mbele yako. Baada ya miezi sita hakuna anayekumbuka, na mkaguzi akiuliza kwa nini hukushuku, mstari huo ndio utakaokusemea. Na dirisha lako la saa 24, linaanza saa ngapi na kuisha saa ngapi, liwemo kwenye sera zako kwa maandishi.

“Kuripoti ni kumchongea mtu”

Hili linauma, kwa sababu linatoka kwa watu wanaoishi pamoja, wanaosali pamoja na kuzikana. Ripoti ya muamala shuku si mashtaka. FINTRAC haikamati mtu, haimpeleki mtu mahakamani, na haina uwezo wa kufunga akaunti ya mtu. Inapokea ripoti, inazioanisha na nyingine, na inawapa polisi au vyombo vya usalama taarifa pale tu masharti ya kisheria yanapotimia. Ripoti nyingi hubaki huko kama kipande kimoja cha picha kubwa. Ukiripoti kwa nia njema, sheria inakulinda usishtakiwe kwa kuripoti.

Kinachokatazwa ni kumwambia mteja kwa lengo la kuharibu uchunguzi. Usimnong’oneze, wala usimtume mkewe amwambie “awe mwangalifu.” Nimeona watu waliokataa kuripoti kwa kuogopa kumchongea mteja, kisha wakaenda kumwonya. Wamekosea mara mbili kwa siku moja.

“Namjua, tunatoka kijiji kimoja”

Kumjua mtu si kuhakiki utambulisho wake. Unahitaji kitambulisho halali chenye picha kilichotolewa na serikali, au mojawapo ya njia nyingine zinazokubalika, na kumbukumbu zake zitunzwe miaka 5. Mtu uliyecheza naye utotoni naye ana leseni ya udereva mfukoni. Mwombe aitoe.

“Mimi si benki, nafanya hawala tu”

Sheria inasema kutuma fedha kwa njia yoyote ile. Kama unapokea dola Edmonton na mshirika wako Dubai au Eastleigh anatoa shilingi, halafu mnasawazisha hesabu baadaye, unaendesha biashara ya huduma za fedha, hata kama hakuna noti hata moja iliyovuka mpaka. Na ule ujumbe wa WhatsApp unaomtumia mshirika, “mpe fulani kiasi hiki,” ni maagizo ya kuhamisha fedha kwa njia ya kielektroniki, hivyo kanuni za uhamisho wa kimataifa zinakuhusu. Lazima ujisajili FINTRAC kabla ya kuanza. Usajili wenyewe ni bure. Kufanya biashara hiyo bila kujisajili ni kosa la jinai, na hapo hakuna ndugu atakayekusaidia.

Waliosajiliwa nao wana kasoro yao. Wanabandika ukutani karatasi ya usajili na kuandika kwenye tangazo “tumeidhinishwa na FINTRAC.” Usajili si leseni wala sifa. Ondoa hilo tangazo.

“Nikishatuma ripoti, kazi yangu imekwisha”

Hapana. Mteja uliyemripoti kwa shaka unapaswa kuipima upya hatari yake, na ukiiona ni kubwa, miamala yake inafuatiliwa kwa karibu zaidi. Waulize watu wa British Columbia. Tume ya Cullen, iliyochunguza utakatishaji fedha katika jimbo hilo na kutoa ripoti yake mwaka 2022, ilieleza jinsi kasino za huko zilivyopokea fedha taslimu kwa mifuko, noti za dola 20 zimefungwa kwa raba. Mwaka 2014 peke yake kasino za jimbo hilo zilipokea karibu dola bilioni 1.2 katika miamala ya fedha taslimu ya dola 10,000 au zaidi. Ripoti kwa FINTRAC zilikuwa zinatumwa. Mifuko nayo iliendelea kupokelewa.

“Wanawaandama wakubwa tu”

Mwaka 2024 benki ya TD ilitozwa zaidi ya dola milioni 9, na miongoni mwa makosa ni kutotuma ripoti za miamala shuku. Watu walisoma habari hiyo wakajiambia kwamba hilo ni la mabenki. Nenda ukasome orodha ya waliotozwa faini ambayo FINTRAC huichapisha. Utakuta madalali wa nyumba na maduka ya kubadilisha fedha yenye ukubwa wa sebule yako, majina yao yakiwa wazi. Kosa moja zito sana linaweza kuigharimu kampuni mamia ya maelfu ya dola. Benki inameza faini na kuendelea. Duka la familia, hata lisilotozwa chochote, linaweza kufungiwa akaunti na benki yake, na bila akaunti hutumi kitu.

“Kusafiri na zaidi ya elfu kumi ni marufuku”

Si marufuku. Unatamka kwa forodha ya Kanada, unapoingia na unapotoka, ukiwa na dola 10,000 au zaidi. Usipotamka, zinashikwa.

Mwisho kuna dhana moja ambayo huja baada ya kuwaeleza watu haya yote. Nayo ni kwamba, kama makosa yamekwisha kutendeka, heri kunyamaza. Mzee wangu wa Toronto aliishusha miwani yake akaniuliza kwa sauti ya chini, “Sasa hizi za nyuma tufanyeje?” FINTRAC inapokea taarifa ya hiari ya mtu anayejitokeza mwenyewe kueleza alichokosea. Ukiitoa kabla hawajakuarifu kwamba wanakuja kukukagua, na kosa liwe si lilelile uliloliungama hapo awali, wao hufanya kazi nawe kulirekebisha badala ya kukimbilia adhabu. Unaandika nini kilitokea, ripoti ngapi hazikwenda, za kipindi gani, na umebadilisha nini ili kisitokee tena. Tulianza na zile risiti tatu za Ijumaa. Mpaka saa mbili usiku tulikuwa tumefika mwezi wa nne, na mwanawe alikuwa amekwisha kutuletea chai mara ya pili.