Kipandauso na Chakula: Kutafuta Kichochezi cha Kweli

Swali: Je, ni kweli kwamba chakula kinaweza kuleta kipandauso?

Jibu: Kwa baadhi ya watu, ndiyo, ingawa chakula si chanzo cha ugonjwa wenyewe. Kipandauso ni ugonjwa wa mfumo wa neva unaoleta mashambulio ya maumivu makali ya kichwa, ambao mara nyingi huonekana katika ukoo mmoja, na chakula, sawa na kukosa usingizi, hedhi au msongo wa mawazo, huamsha tu shambulio kwa mtu ambaye ubongo wake tayari ni mwepesi kuchokozeka. Vinavyoshukiwa zaidi ni pombe, hasa mvinyo mwekundu; jibini iliyokomazwa muda mrefu, yenye kemikali iitwayo tairamini; soseji na nyama nyingine za kusindikwa zilizotiwa nitriti, yaani chumvi ya kuhifadhia nyama; monosodiamu glutameti, kiungo cha kuongeza ladha; na kafeini iliyomo katika kahawa na chai. Ni nadra mgonjwa mmoja kudhuriwa na vyote hivyo, na wengi hawadhuriwi na hata kimoja. Njaa, kwa upande wake, hailaumiwi kadiri inavyostahili, kwani kuruka mlo huwaletea wagonjwa wengi maumivu yale yale wanayoyahusisha na chakula.

Swali: Kila nikila chokoleti kichwa huniuma. Si ushahidi huo?

Jibu: Bado. Shambulio la kipandauso huweza kuanza saa kadhaa, hata siku mbili, kabla ya kichwa kuuma, na katika kipindi hicho mtu hupiga miayo, shingo hukakamaa, hukasirika upesi, au hushikwa na hamu kubwa ya kitu kitamu. Huenda basi ulikula chokoleti kwa sababu shambulio lilikwisha kuanza, wala si chokoleti iliyolianzisha. Ndiyo maana kumbukumbu peke yake haitoshi.

Swali: Nianzie wapi?

Jibu: Anza na daftari, na usiondoe chakula chochote kwa muda wa wiki nne za mwanzo. Andika ulichokula na saa uliyokila, ulilala saa ngapi, siku za hedhi, dawa ulizomeza, na saa kichwa kilipoanza kuuma. Tuchukue ukurasa mmoja wa mfano: «Jumanne: chai saa moja asubuhi, mchana sikula, jibini saa mbili usiku, nimelala saa saba usiku. Jumatano: kichwa, upande wa kushoto, tangu saa nne asubuhi.» Mwenye haraka atailaumu jibini, ilhali mlo ulioachwa na usingizi uliokatwa vimeandikwa pale pale. Jibini itashukiwa kwa haki iwapo itajirudia mbele ya mashambulio kadhaa, na zaidi ikiwa siku ulizoila bila kuumwa ni chache. Siku hizo za salama watu husahau kuziandika.

Swali: Kuondoa vyakula hufanywaje?

Jibu: Chagua vyakula viwili au vitatu ambavyo daftari limevinyooshea kidole, uviache kabisa kwa wiki nne hivi huku ukila milo yako kwa saa zake. Soma maandishi ya kwenye pakiti, kwa kuwa monosodiamu glutameti hujificha katika supu za unga, viungo vilivyochanganywa na vitafunio. Anayepata shambulio moja kwa mwezi atahitaji muda mrefu zaidi, maana mwezi mmoja mtulivu kwake unaweza kuwa bahati tu. Kafeini ina taratibu zake: ukiikata ghafla, kichwa huweza kuuma ndani ya saa 12 hadi 24, na hali hiyo kudumu siku kadhaa, jambo litakaloharibu jaribio zima. Ipunguze kidogo kidogo.

Swali: Nikipata nafuu, kwa nini nikirudishe chakula kilichoniumiza?

Jibu: Kwa sababu nafuu peke yake haithibitishi kitu, huenda katika wiki hizo ulilala vizuri zaidi au kazi ilipungua. Uthibitisho hupatikana kwenye kurudisha. Rudisha chakula kimoja tu, kwa kiasi chako cha kawaida, katika siku uliyolala vya kutosha, kisha ngoja siku tatu kabla ya kugusa kingine. Kichwa kikiuma, acha chakula hicho, subiri utulie, halafu kijaribu tena siku nyingine. Kisipokuletea maumivu, kirudi mezani. Wapo pia ambao jibini haiwadhuru mpaka ikutane na usiku wa kukesha, na hao hawana haja ya kuiacha maisha yao yote.

Swali: Nani asijaribu peke yake?

Jibu: Watoto, wajawazito, wanaonyonyesha, wenye kisukari, waliokonda kupita kiasi na waliowahi kuwa na matatizo ya ulaji waongozwe na daktari au mtaalamu wa lishe. Mtu ambaye chakula fulani kimewahi kumvimbisha midomo au kumbana pumzi asikijaribu kamwe nyumbani. Huo ni mzio, si suala la kipandauso.

Swali: Na nisipopata kichochezi chochote?

Jibu: Hilo hutokea mara nyingi, na halimaanishi kwamba umekosea. Rudia ulaji wako wa kawaida na umwone daktari, kwani zipo dawa za kuzuia mashambulio. Nenda na daftari, hasa ukurasa wa dawa: kumeza parasetamoli au ibuprofeni siku 15 au zaidi kwa mwezi, au dawa za kundi la triptani, zinazotuliza shambulio la kipandauso, siku 10 au zaidi, kwa miezi kadhaa, huweza kuwa ndiko kunakoleta maumivu ya kichwa. Lakini kichwa kikiuma ghafla kwa ukali usiowahi kuuona, au maumivu yakiambatana na homa na shingo ngumu, udhaifu wa upande mmoja wa mwili au ulimi kuwa mzito, achana na daftari na uende hospitali saa hiyo hiyo.