Arosto ya sigara ni kitu gani, na inakusaidiaje kuchagua njia ya kuacha

Watu wengi hapa Dodoma wakisema "nina arosto" wanamaanisha tu wana hamu ya kuvuta. Hamu ni kipande kimoja. Arosto ni ile hali yote mwili unayoingia pale nikotini uliyoizoea inapopungua kwenye damu, yaani hasira za ghafla, kutotulia, kichwa kizito, usingizi kukata, njaa isiyoisha, mawazo hayakai sehemu moja, wengine huzuni kabisa, na wengine choo kinakuwa kigumu siku kadhaa na hawajui kwamba ni hiyo hiyo. Naona watu wengi wanachagua njia ya kuacha kwa kusikia tu, fulani aliacha ghafla basi na mimi naacha ghafla, afu siku ya tatu yuko dirishani kwa Mangi ananunua fegi moja na anaanza kujiona hana msimamo. Mimi naamini msimamo anao, ila njia aliyochukua haikuendana na arosto yake, na hilo ndo nataka tulielewe vizuri.

Iko hivi. Ukivuta, nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 mpaka 20 hivi, inagusa vipokezi vyake huko, yaani sehemu za seli zinazoipokea, dopamini (kemikali ya ubongo ya kusikia raha) inatoka, unasikia ahueni. Tatizo haikai. Kila baada ya masaa mawili hivi nusu yake inakuwa imeshatoka kwenye damu. Na ubongo wa mtu aliyevuta miaka unakuwa umejiongezea vipokezi vya nikotini, vikikaa bila kitu vinadai. Kwa hiyo ile fegi ya saa nne asubuhi inatuliza usumbufu ulioachwa na fegi ya saa moja, ni sawasawa na mikopo ya kausha damu, unakopa huku ukalipe kule, leo umepata nafuu na deni liko palepale. Ndo maana mvutaji anaapa kabisa kwamba sigara inamwondolea stresi, na hasemi uongo, anaisikia ile nafuu, ila sehemu kubwa ya hiyo stresi imeletwa na sigara yenyewe.

Sasa ratiba yake. Arosto inaanza masaa machache tu baada ya fegi ya mwisho, inapanda, siku ya pili na ya tatu ndo kilele, wiki ya kwanza yote ni ngumu, afu kati ya wiki ya pili na ya nne vitu vingi vinashuka. Njaa ndo inaweza kukaa miezi, na kwa wastani mtu anaongezeka kilo 4 au 5 mwaka wa kwanza, kwa hiyo ukiona suruali inabana usishtuke. Kitu ambacho watu hawaambiwi ni kwamba hamu yenyewe haikai muda wote, inakuja kwa awamu, inapanda dakika chache, mara nyingi haifiki hata dakika kumi, inashuka yenyewe uvute usivute. Anayelijua hilo anapambana na dakika tano. Asiyelijua anaona ana maisha yote mbele yake bila fegi na anakata tamaa.

Jambo lingine muhimu sana: arosto ya sigara inatesa lakini haiui. Arosto ya pombe ni habari nyingine. Mtu anayekunywa sana kila siku akikata ghafla anaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa na anaweza kufa, kwa hiyo kama unavuta na pia ni mnywaji wa kila siku wa kutetemeka asubuhi usikate vyote viwili nyumbani peke yako, nenda hospitali kwanza.

Haya, unajuaje arosto yako ni kali kiasi gani? Wengi wanahesabu fegi kwa siku na hiyo inasaidia, ila kipimo kizuri zaidi ni fegi ya kwanza. Ukiamka inapita muda gani mpaka uwashe? Usiku mzima haujavuta, nikotini imeshuka, kwa hiyo asubuhi mwili unaonyesha ukweli wake. Anayewasha ndani ya nusu saa, hajanawa uso hajanywa chai, huyo mwili wake umeshikwa haswa na kuacha kavu kavu kutamtesa kuliko mwenzake. Anayeweza kufika saa sita mchana bila kufikiria, au yule mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) anayevuta wikiendi tu akiwa na marafiki, mwili wake haujashikwa sana, kilichomshika ni mazoea.

Na mazoea nayo yana arosto yake, tena hii ndo inawarudisha watu baada ya miezi, wakati mwili umeshasahau kabisa. Dereva boda wa Nanenane akishusha abiria anawasha, mzee wa kijiwe cha kahawa Majengo kikombe bila sigara anaona kama hakijakamilika, mlinzi wa usiku anavuta kukata usingizi na baridi, hasa hii baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba na upepo wake. Mkono unajua saa yake. Dawa haigusi hii sehemu, hapa inabidi ubadilishe kitu chenyewe: unakunywa chai badala ya kahawa kwa wiki kadhaa, unakaa upande mwingine wa kijiwe, ukishusha abiria unakunywa maji au unatafuna karanga mkono uwe na kazi.

Tukija kwenye njia, kuacha ghafla ndo inayojulikana na kwa mtu ambaye fegi yake ya kwanza inachelewa inafaa sana, unachagua siku, unatupa kiberiti na kisahani cha majivu, basi. Kuna utafiti wa Uingereza uliotoka 2016, watu karibu 700, nusu waliacha siku moja ghafla na nusu walipunguza kidogo kidogo wiki mbili kabla ya siku ya kuacha, baada ya wiki nne waliokuwa bado hawavuti ni 49% kwa walioacha ghafla na 39% kwa waliopunguza. Ila soma vizuri, wote walipewa dawa za nikotini na ushauri. Hawakuachwa peke yao. Mtu anayeacha bila msaada wowote, kati ya 100 wanaofika miezi sita mpaka mwaka ni kama 3 mpaka 5 tu, na silisemi hili kumkatisha mtu tamaa, nalisema kwa sababu watu wanajilaumu kwa jambo ambalo lingekuwa gumu kwa yeyote.

Kupunguza kidogo kidogo kunawezekana, ila kuna mtego. Mtu akitoka fegi 15 mpaka 6 bila mpango anaanza kuivuta kila moja kwa nguvu, anaingiza moshi mpaka chini, anaivuta mpaka kwenye kichungi, mwili unajitafutia nikotini yake ileile. Kama unapunguza, weka tarehe ya mwisho na uiandike, na anza kwa kuisogeza mbele ile ya asubuhi maana ndo ngumu kuliko zote.

Afu kuna nikotini mbadala, yaani unapewa nikotini bila moshi, kwa dozi inayoshuka. Watu wanashtuka, "si ileile sumu?" Hapana ndugu yangu. Nikotini inakufanya uwe mteja, lakini kinachoziba mishipa na kuleta kansa ya mapafu kwa sehemu kubwa ni moshi, lami yake na kaboni monoksidi. Kuna plasta za kubandika kwenye ngozi na kuna jojo za kutafuna. Plasta kwa anayevuta zaidi ya fegi 10 kwa siku kawaida inaanza na miligramu 21 kwa wiki sita, inashuka 14 wiki mbili, halafu 7 wiki mbili. Unabandika ngozi kavu isiyo na nywele, kila siku sehemu mpya, na kwa jua la huku na jasho kausha ngozi vizuri kwanza la sivyo inabanduka kabla ya mchana. Ukiota ndoto za ajabu unaitoa usiku. Jojo zipo za miligramu 2 na 4, za 4 ni za yule wa nusu saa tuliyemsema, na hapa watu wanakosea sana, wanaitafuna kama jojo ya kawaida wanameza mate yote, tumbo linachafuka, kwikwi, wanasema haifai. Unatafuna taratibu mpaka usikie inawasha, unaibana kati ya shavu na fizi, ikipoa unatafuna tena. Na robo saa kabla usinywe soda wala kahawa, uchachu unazuia nikotini isipite mdomoni. Plasta pamoja na jojo inafanya kazi vizuri kuliko kimoja peke yake, plasta inashika mwili siku nzima na jojo inakata zile hamu za ghafla.

Usitegemee kuzikuta kila duka la dawa muhimu la mtaani, uliza famasi kubwa za mjini, na bei itakuuma. Lakini chukua fegi zako za siku zidisha kwa bei unayonunulia zidisha mara 30, ndo useme kipi ni ghali.

Vidonge vipo pia, vareniklini na bupropioni, hivi ni vya daktari. Mwaka 2024 WHO, Shirika la Afya Duniani, ilitoa mwongozo wake wa kwanza wa kutibu watu wazima wanaotaka kuacha tumbaku na hivyo vyote vimo, pamoja na nikotini mbadala na dawa nyingine inayoitwa saitisini. Vareniklini unaianza kama wiki moja kabla ya siku ya kuacha na unaendelea wiki 12, inaleta kichefuchefu kwa hiyo unakula kwanza. Bupropioni mwenye kifafa haimfai kabisa, inaweza kuleta degedege, kwa hiyo usipokee kidonge cha rafiki eti kilimsaidia.

Waislamu wanaovuta wana nafasi moja nzuri ambayo wengi inawapita. Ramadhani unakaa masaa 13 na zaidi bila fegi, siku za kwanza kichwa kinauma na hasira zipo, ikifika katikati ya mwezi mchana unapita bila shida. Maana yake mwili umeshakuonyesha kwamba unaweza. Kinachoharibu ni baada ya futari, mtu anafidia za mchana zote kabla ya kulala, kwa hiyo deni linafunguliwa upya kila usiku. Ukiamua mwezi ule kwamba baada ya futari ni tende, chai, tarawehe na kulala, au unabandika plasta baada ya futari kwa makubaliano na daktari, Idi unaikuta sehemu ngumu imeshapita.

Na ugoro. Huku kwetu kati wazee wengi, mababu na mabibi, wanatumia ugoro, na vijana wengine wakiacha sigara wanahamia huko au kwenye shisha wakidhani wameacha. Arosto wanakuwa wameifunika tu, nikotini ni ileile na tumbaku ya kuweka mdomoni inaleta kansa ya mdomo. Ila bibi wa miaka 70 usimwendee kwa ukali. Shikamoo kwanza, muulize anaanza saa ngapi asubuhi, msaidie kuanzia hapo.

Siku zile ngumu zenyewe, mambo madogo yanasaidia kuliko watu wanavyodhani. Maji mengi, matunda na mboga kwa ajili ya choo, ubuyu wa kumung'unya, kutembea dakika kumi hamu ikipanda. Waambie nyumbani. Mama watoto akijua kwamba baba watoto atakuwa mkali wiki hii na sababu ni ipi, nyumba inapona ugomvi. Pombe iweke pembeni mwezi wa kwanza, bia mbili zinatosha kumrudisha mtu. Kahawa punguza kama nusu, moshi wa sigara ulikuwa unafanya ini liichome kafeini haraka, ukiacha kikombe kilekile kinakaa mwilini muda mrefu zaidi, unatetemeka na hulali afu unasingizia arosto. Ukiteleza ukavuta moja, usivute ya pili, na uangalie ulikuwa wapi na nani, hapo ndo pa kurekebisha.

Kikohozi nacho kinaweza kuzidi mwanzoni maana mapafu yanaanza kujisafisha, watu wanasema "nimeacha ndo naumwa" wanarudia. Lakini kikipita wiki mbili, au kuna damu, jasho la usiku, unapungua uzito, nenda kapime TB, wavutaji wanaipata kwa urahisi zaidi na kipimo ni bure vituo vya serikali.

Mwisho niwataje wanaotumia dawa za afya ya akili, kwa sababu tunaishi na Mirembe, hospitali ya afya ya akili, hapa na tuna ndugu wengi wanaohudhuria kliniki. Huzuni ya arosto kwao inaweza kuwa nzito zaidi, na baadhi ya dawa kama klozapini na olanzapini zilikuwa zinachomwa haraka na ini kwa sababu ya moshi, ukiacha kiwango kwenye damu kinapanda hata kama hujabadilisha dozi. Kwa hiyo mwambie daktari kabla ya siku ya kuacha, sio baada. Na mgonjwa yeyote ukienda, iwe hospitali ya mkoa (General) au zahanati ya mtaani, usiseme tu "nataka kuacha sigara." Sema unavuta ngapi, ya kwanza unawasha muda gani baada ya kuamka, uliwahi kuacha ukarudi kwa sababu gani, na dawa gani unatumia. Hapo anaweza kukuchagulia njia yako.