Je, Wajua Kwa Nini Wamethodisti Wengi wa Nairobi Kwao Ni Meru?

Ukienda ibada ya Methodisti hapa Nairobi, sikiliza matangazo. Mazishi ni Ijumaa, Igembe, huko Meru. Kuna harambee Kaaga, hukohuko Meru. Wanaosafiri wakutane Tea Room, steji ya matatu za Meru, saa kumi na moja alfajiri, na tafadhali msichelewe kama mara ile. Ukiyasikia hayo Jumapili tatu mfululizo utaamini nilichoamini mimi: kwamba Methodisti ni kanisa la Wameru, na lilianzia kwao.

Nililisema hilo kwa sauti baada ya ibada, mbele ya bibi mmoja wa Pwani. Akaweka kikombe chini.

"Mjukuu wangu, sisi wa Ribe tulikuwa Wamethodisti hata huu mji wenu haujakuwapo."

Ni kweli tupu. Mmisionari Mmethodisti Thomas Wakefield alifika Ribe, kwenye vilima vya nyuma ya Mombasa, mwaka 1862, akiongozwa na Krapf, yule mmisionari Mjerumani aliyekuwa ametangulia Rabai. Reli iliyozaa Nairobi ilifika hapa 1899. Kituo cha Kaaga, Meru, ni cha 1912. Waribe wametangulia kwa nusu karne! Kosa langu lilikuwa kupima umri wa kanisa kwa idadi ya waumini, kama mtu anayedhani mtoto mnene ndiye kifungua mimba.

Kosa la pili lilijificha nyuma ya la kwanza. Nilidhani Wameru waliyapima madhehebu yote, wakaupenda Umethodisti kwa sababu fulani iliyo katika tabia yao. Hata nilikuwa na nadharia kuhusu uimbaji. Tusiizungumzie.

Fikiria matatu za jijini. Mtu wa Kawangware hupanda ya ruti 46. Je, amezilinganisha ruti zote za jiji akaichagua hiyo? La, ndiyo inayopita kwao. Mwanzoni mwa karne ya 20 wamisionari wa Kiprotestanti walikubaliana kugawana maeneo kwa mtindo huo: usibebe abiria kwenye ruti ya mwenzako. Africa Inland Mission walikuwa Ukambani, Marafiki (Quakers) Kaimosi, Waskoti Kikuyu na Tumutumu, Waanglikana Embu, Wamethodisti Meru. Na gari lenyewe lilibeba zaidi ya mahubiri. Shule ilikuwa ya misheni, na baadaye hospitali pia, kama ile ya Maua. Mtoto aliyetaka kusoma alipanda lililopo, na nauli ilikuwa katekisimu.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni Chogoria. Iko kwenye mteremko uleule wa Mlima Kenya, kusini kidogo ya Meru mjini, na lugha zao ni za ukoo mmoja. Lakini mwaka 1922 Waskoti ndio waliofungua kituo pale, kwa hiyo mtu wa Chogoria ana uwezekano mkubwa wa kuwa PCEA, kanisa la Kipresbiteri lililotokana na Waskoti hao. Tabia haibadiliki ghafla njiani. Ruti hubadilika.

Mfano huu una mipaka yake. Wakatoliki hawakuwa kwenye mapatano. Wao walikuwa bodaboda, walipita popote. Na waliobeba injili kijiji hadi kijiji wengi walikuwa waalimu Waafrika, ambao mstari wa Wazungu haukuwahusu sana.

Mwaka 1913, pale Kikuyu, wamisionari walijaribu kwenda mbali zaidi na kuunda shirikisho la makanisa yao, wakamaliza kwa kushiriki meza moja ya Bwana. Askofu Mwanglikana Frank Weston wa Zanzibar akawashtaki kwa uzushi maaskofu wenzake wawili waliohusika. Shirikisho halikufaulu, ila mabaki ya ushirikiano huo yalizaa shule mwaka 1926, na jina lake bado linaukumbuka: Alliance, yaani muungano.

Bibi yangu wa chai hakuhitaji historia hii yote. Rabai ya Waanglikana na Ribe ya Wamethodisti ni majirani, na dada yake aliolewa Rabai. Alivuka vilima na sanduku lake, akaacha kitabu cha nyimbo nyumbani.