Skrubu iguswe mwisho: dhana potofu kuhusu mkazo wa uzi kwenye cherehani ya ngozi

Kitambaa ukikifumua na kukipiga pasi, matundu hujifunga na hakuna atakayejua. Ngozi haina huruma hiyo. Tundu la sindano likishatoboka linabaki, na mshono wa pili ukipita juu ya ule wa kwanza unaigeuza ngozi kuwa kama karatasi ya stempu, inachanika kwa kuvutwa kidogo. Ndiyo maana linaniuma kumwona fundi akihangaika na skrubu ya mkazo, ile inayoamua uzi ubanwe kiasi gani, huku kazi yenyewe iko chini ya sindano. Kila jaribio ni mstari mwingine wa matundu kwenye ngozi aliyoinunua kwa fedha yake.

Kwanza tuone mshono unavyofungwa. Sindano inashuka na uzi wa juu. Ikianza kupanda, uzi unaacha kitanzi kidogo ubavuni mwake, ndoano inakikamata kitanzi hicho na kukizungusha kwenye kikasha cha bobini, kile kigurudumu kidogo kilichobeba uzi wa chini. Kisha mkono wa kuvuta uzi unapanda na kukaza. Nyuzi mbili zinashikana, na mahali zinaposhikana tuite fundo. Fundo hilo linatakiwa kulala katikati ya unene wa ngozi, lisionekane juu wala chini. Ni mchezo wa kuvuta kamba: uzi wenye nguvu zaidi hulivuta fundo upande wake. Dhana nyingi potofu zinatokana na kuusahau mchezo huu.

“Vitanzi viko chini, kwa hiyo uzi wa chini ndio mbovu.”

Hii ndiyo dhana iliyoharibu kazi nyingi kuliko zote, na inaeleweka kwa nini: jicho huona uchafu chini, mkono huenda chini. Ukweli ni kinyume. Vitanzi vikining'inia chini, ni uzi wa juu uliolegea hadi ukaburutwa kwenda huko. Uzi wa chini hauna kosa, umeshinda tu mchezo. Na ukiona uzi wa juu umelala umenyooka kama waya, vidoadoa vya uzi wa chini vikichungulia kwenye matundu, basi wa juu umekazwa kupita kiasi au wa chini umelegea.

Kabla ya kukaza, jiulize kama uzi wa juu umeingia kweli kati ya visahani vya mkazo. Mguu wa kukandamiza ukiwa juu, visahani hufunguka, ukishuka, vinabana. Fundi aliyetunga uzi mguu ukiwa chini huenda ameupitisha juu ya visahani vilivyofungwa, na hapo hata ukikaza skrubu hadi mwisho hakuna kinachobanwa. Kipimo chake ni rahisi. Tunga uzi mguu ukiwa juu, kisha ushushe mguu na uvute uzi kwa mkono karibu na sindano: unapaswa kukataa, uvutike kwa nguvu. Inua mguu, uvute tena: unapaswa kuteleza. Usipoona tofauti, kuna kitu kinaviacha visahani wazi. Mara nyingi ni kipande cha uzi wa zamani kilichokwama ndani, au pini ya kuvifungulia imeganda. Kwenye mashine nzito zenye visahani vya seti mbili, zipime zote mbili. Na kama njia ya uzi ina nguzo yenye matundu matatu, kuruka tundu moja tu kunapunguza mkazo kiasi cha kuonekana kwenye mshono.

Msongamano wa nyuzi unaotokea mwanzoni mwa mshono tu, halafu mbele pakawa safi, ni jambo jingine kabisa. Hapo hukushika ncha za nyuzi. Zishike zote mbili, ya juu na ya chini, kwa mishono miwili mitatu ya kwanza, basi.

“Uzi ukilegea, dawa ni kukaza.”

Kuna njia mbili za kusawazisha: kukaza upande dhaifu, au kulegeza upande wenye nguvu. Anayekaza tu anapandisha pande zote mbili kwa zamu, leo juu, kesho chini, hadi uzi unakatika, ngozi laini inajikunja kwenye mstari wa mshono, na sindano inavutwa pembeni mpaka inagonga bamba lililo chini ya ngozi. Anayelegeza tu atapata mshono uliosawazika kwa macho lakini unaofunguka ukivuta vipande viwili. Kiasi kinachofaa ni pale mshono unapozama kidogo kwenye uso wa ngozi bila kuikunja.

Anza na uzi wa chini. Uweke kwenye mkazo wa wastani, unaovutika kwa ulaini na kwa nguvu ileile mwanzo hadi mwisho, kisha usiuguse tena. Kazi iliyobaki ifanywe na uzi wa juu. Springi ya kikasha cha bobini mara nyingi ina skrubu mbili, moja ya kuishikilia na nyingine, kwa kawaida kubwa zaidi, ya kurekebishia. Geuza hiyo ya kurekebishia, robo ya mzunguko au pungufu kwa kila jaribio, na kabla ya kugeuza kumbuka mfereji wake ulikuwa unaelekea wapi.

Kile kipimo cha kuning'iniza kikasha kwa uzi wake uone kama kinashuka polepole kilizaliwa kwenye cherehani za nguo, zenye uzi mwembamba na kikasha chepesi. Kwenye uzi mnene wa ngozi hakikupi jibu la kuaminika. Vidole vyako vinavyouvuta uzi vitakuambia zaidi.

“Sindano haina uhusiano na mkazo.”

Kwenye ngozi, tundu ni mchezaji wa tatu katika ule mchezo wa kamba. Kitambaa kina nafasi kati ya nyuzi zake na fundo hupenya lenyewe. Ngozi imeshikana bila nafasi hizo, na fundo litapanda kwa kadiri tu ya tundu ulilolikata. Sindano ikiwa nyembamba kuliko uzi, fundo linakwama chini, fundi anakaza uzi wa juu, halipandi, anakaza tena, uzi unakatika. Sindano ikiwa nene mno, tundu linakuwa pana na fundo linarukaruka, mara juu, mara chini, kwa mvuto mdogo tu.

Unene wa uzi hupimwa kwa Tex, yaani uzito wa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 1,000. Sindano ina namba mbili: ya milimita, ambapo 140 maana yake ni unene wa milimita 1.4, na ile ya zamani inayoandikwa pembeni yake. Uzi wa Tex 70 huenda vizuri na sindano 110 (18). Tex 90 na 125 (20). Tex 135 na 140 au 160 (22 au 23). Tex 210 na 180 (24). Tex 270 na 200 (25). Ngozi ikiwa ngumu na kavu, panda saizi moja; ikiwa laini, shuka moja. Huna uhakika na jozi uliyo nayo? Pitisha kipande cha uzi kwenye tundu la sindano iliyo mkononi, kishike kimenyooka kwa mshazari, na sindano inapaswa kuteleza kwa uzito wake wenyewe. Ikikwama, haitafanya vizuri zaidi ikiwa ndani ya ngozi.

Ncha nayo ina neno. Sindano ya nguo ina ncha ya mviringo inayosukuma. Ya ngozi ina ncha yenye makali inayokata. Ukitumia ya nguo, ngozi inasukumwa badala ya kukatwa, tundu linajibana mara sindano inapotoka, na fundo linakosa njia. Halafu hakikisha sindano imeingia hadi juu, mfereji wake mrefu ukielekea upande uzi unakoingilia, na ule ubavu uliochongwa ukielekea ndoano.

“Uzi mnene ndio imara, utumike kwenye kila ngozi.”

Fundo ni nyuzi mbili zilizokumbatiana, linahitaji mahali pa kujificha. Ngozi ya milimita 2 kwa jumla haina pa kulificha fundo la Tex 270, na hakuna skrubu duniani itakayotengeneza nafasi isiyokuwepo. Shuka hadi Tex 135 au 90. Uzi wa chini unaweza kuwa sawa na wa juu au mwembamba kwa hatua moja. Tofauti ikizidi hapo, kusawazisha kunakuwa shida.

“Namba ya kwenye kitufe cha mkazo ni kipimo.”

Ni alama ya kumbukumbu tu, ya mashine hiyo, na uzi huo, na ngozi hiyo. Nne ya kwako si nne ya jirani, na mashine nyingi nzito hazina namba kabisa. Hata uzi wa aina moja wa rangi tofauti unaweza kupita kwa ugumu tofauti, kwa sababu ya rangi iliyopakwa na gundi inayoushikanisha.

“Inaruka mishono, basi mkazo umeharibika.”

Kuruka maana yake ndoano haikukikamata kitanzi. Mara nyingi sababu ni mguu wa kukandamiza wenye nguvu ndogo: sindano inapopanda inainua ngozi nayo, na kitanzi kinakosa nafasi ya kufunguka. Tazama kwa jicho ukizungusha gurudumu kwa mkono. Ukiona ngozi inapanda na sindano, ongeza nguvu ya mguu. Baada ya hapo kagua sindano kama imepinda au imewekwa vibaya. Majira ya ndoano yawe ya mwisho: kwenye mashine nyingi ncha ya ndoano hufika kwenye sindano ikiwa imeshapanda takriban milimita 2 hadi 2.5 kutoka chini kabisa, na kuyabadilisha bila sababu ni kujitafutia ubovu wa pili.

Kasoro nyingine inayosingiziwa mkazo ni uzi kukatika. Itazame ncha iliyokatika kabla ya kuitupa. Ikiwa na kidonge kilichoyeyuka, sindano imepata joto: nailoni na poliesta huyeyuka karibu na nyuzijoto 250 hadi 260, na sindano inayokwenda kasi kwenye ngozi nene inaweza kufika huko. Punguza mwendo, au upitishe uzi kwenye mafuta ya silikoni. Ikiwa imechambuka, tundu la sindano la kupitishia uzi ni dogo au lina makwaruzo. Ikiwa imekatika safi kama kwa wembe, pitisha ukucha kwenye tundu la bamba na kwenye ndoano, utakuta sehemu yenye makali.

“Nilirekebisha vizuri, sasa mashine imebadilika yenyewe.”

Skrubu za mkazo ni nadra kuhama zenyewe. Hapa nina kanuni moja ninayoiamini kuliko nyingine zote: kosa linaloonekana kwenye kila mshono ni la marekebisho, kosa linalokuja na kuondoka ni la njia ya uzi. Mishono kumi mizuri, mitatu mibaya, kumi mizuri tena? Tafuta kitu kinachozunguka au kinachokwama. Bobini iliyojazwa kwa ulegevu huzamisha uzi katikati ya tabaka zake, ukakwama, ukaachia. Rola la uzi lililosimama bila kishikio cha uzi kilicho wima juu yake huuacha uzi mnene ujisokote kwenye kigingi, mkazo ukapanda ghafla bila wewe kugusa kitu. Na vumbi la ngozi lililochanganyika na gundi ya uzi huingia chini ya springi ya kikasha cha bobini na kuinyanyua kidogo, uzi wa chini ukabaki bila breki. Liondoe kwa kona ya karatasi ngumu. Usitumie pini, chuma kitaikwaruza springi na mkwaruzo utaanza kuchambua uzi.

Sababu nyingine ni wewe mwenyewe kubadilisha unene. Mkanda wa milimita 8 hauwezi kushonwa kwa mkazo uliousawazisha kwenye milimita 3. Njia ya fundo imekuwa ndefu zaidi ya mara mbili, na msuguano wa uzi ndani ya tundu umeongezeka nayo.

“Fundi mzoefu hana haja ya kujaribia kwenye kipande.”

Mzoefu ndiye anayejaribu zaidi. Kata kipande cha ngozi ileile, tabaka zilezile, na gundi ileile kama kazi imegundishwa. Weka uzi mweusi juu na mweupe chini, ushone urefu wa kiganja, kisha upasue kwa kisu kikali kando ya mshono hadi uone ndani. Weusi ukifika chini, ongeza mkazo wa juu kidogo. Weupe ukipanda, upunguze. Nyuzi mbili zikikutana katikati, umefika, na sasa unaweza kurudisha rangi za kazi yako, ukishona mishono michache tena kuthibitisha. Mimi huandika kwenye kipande chenyewe kwa kalamu: unene, uzi, sindano, na mizunguko ya skrubu niliyohesabu kutoka pale inapoanza kubana. Kisha nakitoboa kona na kukitundika ukutani juu ya mashine, pamoja na vingine.