Najisi si uchafu uliozidi

Wengi hulitumia neno najisi kana kwamba ni uchafu uliopindukia. Huku Tanga, aliyepitia chuo cha Kurani utotoni anajua sivyo. Tope la masika likikurukia kwenye kanzu pale Ngamiani, umechafuka, lakini swala yako ni sahihi. Tone la mkojo likikaukia kwenye kanzu hiyo hiyo, jicho halioni kitu, na bado nguo haifai kusalia mpaka ioshwe.

Neno lenyewe ni la Kiarabu, na tulilipokea bila kulivisha viambishi: twasema kitu kichafu, watu wachafu, ila kitu najisi, watu najisi. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, yameipanga najisi daraja tatu. Nzito ni ya mbwa na nguruwe: huoshwa mara saba, moja kwa maji yaliyotiwa udongo. Nyepesi ni mkojo wa mtoto wa kiume asiyetimiza miaka miwili na asiyelishwa kitu ila maziwa. Huo hunyunyiziwa maji tu. Zilizobaki ni za kati. Napenda sana ile sharti ya udongo: kile ambacho mwenye nyumba hukifagia nje, hapo ndicho kinachotakasa.

Kinyume chake ni twahara, neno lililogawanyika mikononi mwetu. Twahara ikabaki na usafi wa ibada, tohara ikawa kutahiriwa.

Watafsiri wa Biblia nao walilihitaji neno najisi. Mambo ya Walawi 11 inamtaja ngamia kuwa najisi. Mwislamu wa Ngamiani, mtaa wenye jina la mnyama huyo, anamla kwa halali.

Linaloniuma ni lugha ya magazeti, hasa ya Kenya: "mtoto amenajisiwa". Kunajisi kitu ni kukitia najisi, na kilichotiwa ndicho kinachobaki nayo. Kwa hiyo doa linamwangukia mtoto aliyedhulumiwa. Fikihi ya Shafi, yaani elimu yake ya sheria za dini, haikubali hilo kamwe, kwani mwili wa mwanadamu ni twahara, awe hai au maiti. Abu Huraira, sahaba wa Mtume, akiwa na janaba, yaani hali inayomlazimu mtu kuoga baada ya tendo la ndoa au kutokwa na manii, alikutana naye njiani Madina akajitenga aende kuoga. Aliporudi akaambiwa kwamba muumini hawi najisi. Waandishi wa habari wanayo maneno kubaka na kulawiti, ambayo aibu yake humwendea mtendaji. Wayatumie hayo.