Mmiliki Anapobadili Rangi za Klabu: Mashabiki Waanze Wapi

Mei 2012, siku chache baada ya Cardiff City kutolewa na West Ham katika mchujo wa kupanda Ligi Kuu ya England, habari zilivuja kwamba mmiliki wake, mfanyabiashara wa Malaysia Vincent Tan, anataka timu iache buluu ivae nyekundu. Mashabiki wakaja juu. Klabu ikatoa waraka kwamba mpango umewekwa kando, na watu wakashusha mabango. Tarehe 6 Juni klabu ikatangaza kuwa mpango unaendelea: jezi ya nyumbani ni nyekundu, buluu inahamia ugenini, na kwenye nembo joka jekundu linatawala huku yule ndege aliyewapa jina la Bluebirds akibanwa chini, mdogo kiasi cha kufunikwa na kidole gumba.

Kuirudisha buluu kulichukua zaidi ya miaka miwili na nusu.

Kosa la mashabiki lilikuwa kuuamini waraka. Waraka wa mwenyekiti haumfungi mtu yeyote. Kinachofunga ni azimio la bodi lililoandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, au jezi za msimu ujao zilizokwisha kusajiliwa ligi. Mpaka kimojawapo kionekane, kampeni haijaisha, hata kama mmiliki ameomba radhi mbele ya kamera.

Muda ndio mchezo wenyewe, kwa sababu ya jinsi jezi zinavyotengenezwa. Kuanzia mchoro kukubaliwa, sampuli kushonwa, kiwanda kupewa oda hadi jezi kufika dukani, huwa ni kazi ya takriban mwaka mzima. Everton walijifunza hilo 2013. Walipozindua nembo mpya isiyo na kaulimbiu yao ya Kilatini, saini zaidi ya 20,000 za kupinga zilikusanywa upesi na klabu ikaomba radhi. Hata hivyo nembo hiyo ilivaliwa msimu mzima wa 2013/14, maana mzigo ulikuwa umeshaagizwa. Nembo mpya iliyopigiwa kura na mashabiki ilikuja msimu uliofuata. Leeds United walikuwa na bahati zaidi: nembo yao ya Januari 2018, ya mtu aliyeweka ngumi kifuani, ilipingwa kwa saini zaidi ya 50,000 ndani ya muda mfupi sana. Kwa kuwa ilitangazwa katikati ya msimu, kabla ya kufika kwenye jezi, iliondolewa bila hasara kubwa.

Kwa hiyo dalili za mapema zina thamani kuliko kelele za baadaye. Uingereza kuna daftari mbili ambazo mtu yeyote anaweza kuzifungua bure. Moja ni ya Companies House, yaani msajili wa makampuni, ambako jina la kampuni linapobadilishwa huonekana: kampuni ya Hull City ilibadilishwa kuwa Hull City Tigers Ltd 2013, kabla mmiliki Assem Allam hajapeleka ombi rasmi la jina la Hull Tigers. Nyingine ni jarida la alama za biashara. Klabu inayotaka nembo mpya karibu lazima iombe kuisajili, na ombi likishachapishwa kuna miezi 2 ya kulipinga, inayoweza kuongezwa ikawa 3 kwa kutoa taarifa kabla miezi 2 haijaisha. Pingamizi linahitaji sababu ya kisheria. Uzuri au ubaya wa nembo hauhesabiki. Lakini kule kuliona tu ombi kunakupa miezi ambayo tangazo la klabu lisingekupa. Mtu mmoja wa kamati apewe kazi ya kuangalia daftari hizo kila wiki. Ni kazi ya dakika kumi.

Fedha nyuma ya rangi

Tan hakuja na rangi mikono mitupu. Mabadiliko yalifungwa pamoja na ahadi ya uwekezaji wa hadi pauni milioni 100, na hoja kwamba nyekundu na joka vingeuzika vizuri Asia. Hapo ndipo mashabiki walipogawanyika. Wengi hawakuipenda nyekundu, ila klabu ilikuwa na madeni na waliogopa kwamba mwenye pesa akiondoka, klabu itakufa. Kisha timu ikashinda ubingwa wa daraja la pili 2013 na kurudi daraja la juu kwa mara ya kwanza tangu 1962. Ni vigumu sana kumshawishi mtu apinge jezi anayoshangilia nayo ubingwa.

Joka nalo liliwachanganya watu. Joka jekundu ni la bendera ya Wales, na shabiki wa Cardiff hawezi kusimama akasema analichukia. Hoja iliyoshika ilikuwa nyepesi: joka ni la nchi, ndege ni wa klabu.

Mmiliki anapoweka rangi na fedha kwenye mizani moja, maswali ya kumuuliza kwa maandishi ni machache. Fedha hizo zinaingia kama mkopo au kama mtaji wa hisa? Kama ni mkopo, riba ni kiasi gani, na umewekewa dhamana gani? Ahadi imo kwenye mkataba au ni maneno ya mkutano wa waandishi? Akiuza klabu kesho, deni linabaki kwa nani? Tofauti ya mkopo na hisa ndiyo inayopuuzwa zaidi, na ndiyo kubwa kuliko zote. Aliyenunua hisa ameweka fedha yake hatarini. Aliyekopesha anaidai klabu, na kila pauni anayoongeza inamfanya awe mgumu zaidi kuondolewa. Hesabu za mwaka za kampuni binafsi hupelekwa Companies House ndani ya miezi 9 baada ya mwaka wa hesabu kufungwa. Tafuteni sehemu ya wadai, msome maelezo ya chini yake, na muwe na mhasibu mmoja katika kamati. Majibu yakikosekana, kukosekana kwake ndiko kwa kutangaza.

Kura inayouliza vibaya

Wamiliki hupenda kusema wameshauriana. Leeds walisema walizungumza na watu 10,000 kabla ya ile nembo, na bado umma uliikataa ndani ya siku moja. Mtu akiulizwa anaipenda klabu kwa nini, jibu lake halimaanishi kuwa ameukubali mchoro ambao hajauona.

Hull ndio mfano wa kusomwa kwa makini. Klabu iliwapigisha kura wenye tiketi za msimu 2014. Chaguo la kwanza halikuwa tu "ndiyo kwa Hull Tigers", bali liliambatanishwa na familia ya Allam kuendelea kuiongoza klabu. Chaguo la pili lilikuwa hapana kwa jina. La tatu lilikuwa la asiyejali sana. Yaani mtu aliyetaka mmiliki abaki na jina la zamani libaki hakuwa na chaguo linalosema yote mawili. Hata kwa swali hilo, ndiyo ilipata 2,565 na hapana 2,517. Chama cha Soka cha England, FA, kilikataa ombi Aprili 2014, na baada ya uamuzi huo kutenguliwa kwa kasoro za utaratibu, kikalikataa tena Julai 2015.

Mashabiki wakiendesha kura yao wenyewe wasirudie dhambi hiyo. Swali liwe moja, lenye jambo moja: "Je, unakubali rangi kuu ya jezi ya nyumbani ibadilike kutoka buluu kuwa nyekundu?" Majibu ni ndiyo au hapana. Picha za jezi zote mbili ziwe za ukubwa sawa. Kila mpiga kura athibitishwe kwa namba ya tiketi ya msimu au ya uanachama, kisha itangazwe idadi ya waliokuwa na haki ya kupiga kura, waliopiga, na kura zilizoharibika. Saini za mtandaoni zinafaa kuwasha moto siku ya kwanza, ila wakili wa klabu atauliza ni ngapi zimetoka kwa watu wasiowahi kukata tiketi, na kama hamna jibu, namba nzima inaporomoka.

Barabarani na jukwaani

Kwa England na Wales, anayeandaa maandamano ya kutembea anatakiwa na Sheria ya Utulivu wa Umma ya 1986 kuwapa polisi taarifa ya maandishi siku 6 kamili kabla, ikitaja tarehe, saa ya kuanza, njia itakayopitwa, na jina na anwani ya mwandaaji. Siku 6 kamili maana yake siku ya kupeleka na siku ya kutembea hazihesabiwi. Kwa mechi ya Jumamosi, taarifa iwe imefika kufikia Jumamosi iliyotangulia. Mkusanyiko wa kusimama mahali pamoja hauhitaji taarifa hiyo, ingawa polisi wanaweza kuuwekea masharti. Mnahitaji wasimamizi wenu waliovaa vizibao vya kuonekana, wanaojua njia kwa miguu na wasiokunywa pombe siku hiyo. Mfike uwanjani saa nzima kabla ya mpira. Mkichelewa, mtakutana na foleni ya milango, watu watasukumana, na habari ya jioni itakuwa msukumano badala ya rangi.

Ndani ya uwanja, mabango makubwa yapitishwe kwa afisa usalama wa klabu mapema. Mara nyingi atataka cheti kwamba kitambaa hakishiki moto haraka, na hatakubali kizibe njia za kutokea. Fataki na moshi ni kosa la jinai kisheria, na kuingia eneo la kuchezea pia. Kijana mmoja mwenye moshi wa buluu anaweza kufungiwa viwanja kwa miaka, na kumpa mmiliki picha aliyokuwa akiisubiri.

Kinachofanya kazi ni kitu chepesi kinachofanywa na wengi kwa pamoja. Mwaka wa kuanzishwa klabu unaweza kuwa saa: klabu ya 1904 husimama dakika ya 19 na sekunde ya 4, mitandio juu, dakika moja, kisha kukaa. Haihitaji kipaza sauti, saa ya uwanja inatosha. Mara ya kwanza watasimama robo ya jukwaa. Msivunjike moyo, rudieni mechi tatu mfululizo, maana wengi husubiri kuona jirani amesimama.

Mtandio wenyewe unastahili neno la ziada. Mashabiki wa Manchester United 2010 walivaa kijani na dhahabu, rangi za Newton Heath, klabu iliyozaa United, kuwapinga wamiliki wa klabu, akina Glazer. Ulikuwa ujanja wa kibiashara: mitandio ilionekana kwenye televisheni, na fedha yake haikuingia duka la klabu. Mkishona yenu, tumieni rangi na maneno tu. Nembo ya klabu ni alama ya biashara iliyosajiliwa, na kuichapa ni kuomba barua ya wakili. Mpangilio wa rangi mbili kwenye sufi ni vigumu sana kwa mmiliki kuudai kuwa ni wake peke yake.

Jambo moja liangaliwe mapema, tena kwa ukali: nyimbo zinazomsema mmiliki kwa taifa lake au asili yake. Zinawafukuza mashabiki wa kawaida na kuigeuza kesi ya rangi ya jezi kuwa kesi ya ubaguzi. Pingeni uamuzi.

Viti vitupu

Kususia mechi kunaumiza kidogo kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu tiketi ya msimu imeshalipwa. Kinachopotea siku hiyo ni mauzo ya vyakula na maegesho, na sura ya uwanja mbele ya wadhamini. Pigo halisi ni wakati wa kukata tiketi upya: mwisho wa punguzo la mapema ndiyo tarehe ya kuizungushia duara kwenye kalenda. Wanachama waahidi kwa maandishi kwamba hawatakata tiketi hadi rangi irudi, na idadi yao itangazwe kila wiki.

Cardiff walishuka daraja 2014, na ile hoja ya mafanikio ikafa hapo. Tarehe 2 Januari 2015, kwenye mechi ya Kombe la FA dhidi ya Colchester, walihudhuria watu 4,194 katika uwanja unaoingiza zaidi ya 33,000. Wiki moja baadaye klabu ikatangaza kurudi buluu, na tarehe 10 Januari ikacheza na Fulham kwa buluu. Tan alieleza pia kwamba mama yake alimshauri kuhusu umoja na furaha. Ni sawa. Mpe mmiliki mlango wa kutokea kwa heshima, ataupita haraka zaidi.

Si kila mahali viti vitupu hutosha. Kampuni ya vinywaji ya Red Bull ilipoichukua klabu ya Austria Salzburg 2005 na kufuta rangi yake ya zambarau, mazungumzo yaliishia kwenye zambarau ya kugawiwa vipandevipande, zikiwamo soksi za kipa. Mashabiki wakakataa, wakaunda klabu yao Oktoba mwaka huo, na msimu wa 2006/07 wakaanzia daraja la saba. Ni njia ndefu, na inatakiwa kuwekwa mezani pale tu milango yote mingine imefungwa.

Mkishinda, dai linalofuata ni karatasi. Kifungu cha rangi kikiandikwa tu katika katiba ya kampuni, mwenye asilimia 75 ya kura anaweza kukifuta kwa azimio maalumu. Ombeni hisa maalumu inayoshikiliwa na chama cha mashabiki, ambayo bila ridhaa yake kifungu hicho hakiguswi. Chama hicho kisajiliwe rasmi, kila mwanachama awe na kura moja bila kujali amechangia kiasi gani.

Sheria ya Uongozi wa Soka iliyopitishwa Uingereza Julai 2025 imeweka ulinzi ambao Cardiff hawakuwa nao: klabu haiwezi kubadili nembo wala rangi kuu za jezi ya nyumbani bila kuchukua hatua za kuridhisha kuthibitisha kwamba mashabiki wengi wa England na Wales wanaunga mkono, na jina linahitaji idhini ya chama cha soka. Someni neno "nyumbani" mara mbili. Jezi za ugenini na ya tatu hazimo. Viti pia havimo, na Cardiff walipopanua jukwaa la Ninian 2014, viti vya juu vilifungwa vyekundu.