Yungiyungi la amani: kwa nini ua jeupe hugeuka kijani, na mmea wenyewe unataka nini

Kati ya maswali yanayoletwa kwenye dawati letu la ushauri wa mimea, hili halikosekani: "Nilinunua ua jeupe pee, sasa limekuwa kijani. Nimeuziwa mmea mbovu?" Wengine huja na picha kwenye simu, wengine huupakia mmea wenyewe kwenye bodaboda hadi mlangoni kwetu. Wengi wao huwa wameshaanza kuutibu. Wamemwaga mbolea, wameongeza maji, au wameutoa nje ukapigwe na jua. Inasikitisha, maana ua lile halikuwa na ugonjwa wowote. Kilichokuja kuudhuru mmea ni tiba.

Ua la yungiyungi la amani, ambalo wauza miche wengi wa Kampala hulitaja kama pisi lili, hugeuka kijani kwa sababu umri wake umesonga. Ndivyo lilivyoumbwa.

Tuliangalie kwa karibu. Kile kitu cheupe tunachokiita ua ni jani lililobadilika umbo. Maua yenyewe ni vile vipele vidogo vilivyobanana kwenye kijiti cha katikati, kinachofanana na kibunzi kichanga cha mahindi. Kila kipele ni ua kamili, lenye sehemu ya kike na ya kiume. Jani jeupe huyakinga yakiwa machanga, kisha hufunguka na kuyatangaza kwa wadudu. Weupe wake hautokani na rangi iliyomo ndani. Jani hilo lina nafasi nyingi za hewa na halina klorofili, ile kemikali ya kijani ambayo mimea huitumia kutengeneza chakula kwa nguvu ya mwanga. Mwanga ukiingia hutawanywa na kurudishwa, na jicho huona nyeupe.

Asili ya mmea huu ni misitu yenye joto ya Amerika, kutoka Meksiko hadi Kolombia na Brazili, ingawa jamaa zake wachache wanapatikana Ufilipino na Indonesia. Aina inayojulikana zaidi, Spathiphyllum wallisii, imepewa jina la Gustav Wallis, Mjerumani aliyekusanya mimea huko Kolombia katika karne ya 19. Kule kwao maua haya hutembelewa na nyuki wa misituni wanaofuata harufu yake. Kazi ya kuwaita wadudu ikiisha, jani jeupe halidondoki kama petali za waridi. Linaanza kutengeneza klorofili, linakuwa kijani, na linaingia kwenye kazi ile ile ya majani mengine: kutengeneza chakula, safari hii kwa ajili ya mbegu zinazokua kwenye kibunzi. Nyumbani kwako Jinja au Busia mbegu ni nadra kupatikana, kwa sababu nyuki wale hawapo huku. Hata hivyo jani hufuata ratiba yake, mbegu ziwepo zisiwepo. Hubaki jeupe kwa wiki kadhaa, kisha ukijani huingia polepole, na linaweza kukaa hivyo muda mrefu kabla ya kukauka.

Ukilipenda la kijani, liache. Ukiona limekuchosha, fuata bua lake hadi chini kabisa na ulikate hapo kwa kisu safi. Kukata kichwa tu huacha bua litakalooza katikati ya majani.

Kuna jambo jingine huwatia watu wasiwasi katika siku hizo hizo. Unga mweupe huanguka kutoka kwenye kibunzi na kutanda juu ya majani, na wengi hudhani ni ukungu, wakakimbilia duka la dawa za kilimo. Ule ni chavua, mbegu ya kiume ya ua. Futa kwa kitambaa chenye maji. Kama ndani kuna mtu anayepata mafua ya chavua, kata kibunzi mapema na jani jeupe litaendelea kusimama.

Sasa, si kila kijani ni uzee. Ua changa mara nyingi huchomoza likiwa na ukijani na kuwa jeupe baada ya siku chache, kwa hiyo subiri kabla ya kuhukumu. Lakini maua yakitoka ya kijani na kubaki hivyo, moja baada ya jingine, tafuta sababu kwenye mbolea na mwanga. Nitrojeni ikizidi, mmea hujaa majani na hata ua huvutwa upande wa ukijani. Hapa kwetu chanzo huwa mbolea ya yurea, au samadi ya kuku ambayo haijaiva. Mwanga mkali kupita kiasi nao huharakisha ukijani. Simamisha mbolea kwa miezi mitatu hivi, sogeza mmea mbali kidogo na dirisha, kisha uangalie maua yatakayofuata. Lile ambalo limeshakuwa kijani halitarudi kuwa jeupe.

Ua likiwa la kahawia lote, limemaliza siku zake. Likiwa na kahawia kwenye kingo tu na lingali jipya, kuna kinachoukera mmea: udongo uliokauka sana, hewa kavu, jua, au chumvi ya mbolea iliyojikusanya chunguni. Chumvi hiyo huonekana kama utando mweupe mgumu juu ya udongo au pembeni mwa chungu. Peleka mmea nje, umwagie maji mengi taratibu hadi yapite chini mara kadhaa, uache yachuruzike yote. Weusi kwenye ua au kwenye ncha za majani huniogopesha zaidi, kwa sababu mara nyingi mizizi inaoza kwa maji mengi. Kabale na Kapchorwa, ambako usiku ni wa baridi, nashauri mmea usilale karibu na kioo cha dirisha. Baridi ikikaribia nyuzi 10 huuchoma.

Ama ua la buluu au la waridi, hilo limetiwa rangi. Na ukiuziwa "pisi lili nyekundu," huo ni mmea mwingine, anthuriamu, mzuri pia lakini wenye matunzo yake. Jani la ua lake ni nene na linang'aa kama lililopakwa nta.

Kwenye suala la mwanga ndipo maelezo ya kwenye intaneti yanawapotosha watu wetu kuliko mahali pengine. Mengi yameandikwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani, ambako jua la adhuhuri hukaa upande wa kusini mwaka mzima, na ndiyo maana husisitiza dirisha la kaskazini. Sisi tuko kwenye ikweta. Mstari wenyewe unakatiza barabara ya Masaka pale Kayabwe. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua la adhuhuri huwa kaskazini mwetu, na kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi Machi huwa kusini. Dirisha la kaskazini ambalo halikupata jua mwezi Desemba linaweza kulipata mwezi Juni, na mmea uliokaa salama ukaungua ghafla bila mtu kuugusa. Paa lililotokeza au veranda husaidia sana. Dirisha la mashariki ni zuri, kwa kuwa jua la asubuhi ni laini na halikai. La magharibi ndilo la kuogopwa mwaka mzima, hasa kuanzia saa tisa alasiri.

Pima hivi. Mchana wa jua, nyoosha kiganja chako kati ya dirisha na mmea. Kivuli kikiwa hafifu, chenye kingo zisizoonekana vizuri, mahali hapo panafaa. Kivuli kikiwa kikali, sogeza mmea ndani mita moja au mbili, au weka pazia jepesi. Kisipoonekana kabisa, mmea utaishi lakini maua usiyatarajie. Watu husifu mmea huu kwamba unavumilia giza, na ni kweli, lakini kuvumilia na kuchanua ni mambo mawili.

Maelezo hayo hayo ya kigeni hukwambia upunguze maji "majira ya baridi." Hatuna majira hayo. Mchana wetu una takriban saa 12 Januari na Julai, na mmea unaweza kukua muda wote. Kinachobadilika ni mvua na ukavu wa hewa. Kampala na maeneo ya ziwa hupata mvua kubwa Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba; miezi hiyo udongo wa chunguni hukauka polepole, na wengi huua mimea yao kwa kuendelea na ratiba ile ile ya kiangazi. Gulu, Arua na Kitgum, upepo mkavu wa Desemba hadi Februari huunguza kingo za majani hata kama udongo una maji. Huko weka mimea kadhaa karibu karibu, au weka chungu juu ya sinia yenye kokoto na maji kidogo, kitako cha chungu kisiguse maji.

Kwa hiyo usimwagilie kwa kalenda. Ingiza kidole kwenye udongo hadi kiungo cha kwanza. Ukiwa mkavu, mwagilia hadi maji yatoke chini, kisha yamwage yaliyojaa kwenye kisahani, ambayo vinginevyo yatalea mbu. Ukiwa na unyevu, acha, hata kama ni wiki nzima. Mmea huu una tabia ya kulegea wote na kulala ukipata kiu, na hunyanyuka ndani ya saa chache baada ya kunyweshwa. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu mmea ambao mizizi yake imeoza nao hulegea vivyo hivyo. Mwenye nyumba akiona umelegea humwaga maji mengine, na ndiyo mwisho wake. Kidole kwanza, maji baadaye. Udongo ukiwa umelowa na majani yamelala, utoe mmea chunguni, kata mizizi laini ya kahawia yenye harufu, bakiza ile myeupe na migumu, na uupande upya kwenye udongo mkavu kiasi.

Maji bora ni ya mvua. Jerikeni moja iliyokingwa kwenye bati inatosha muda mrefu kwa chungu kimoja au viwili; mvua ya kwanza iache ioshe vumbi la paa. Ya bomba yana klorini, basi yaache kwenye ndoo wazi usiku kucha.

Udongo mweusi unaouzwa kwenye makavera peke yake hushikamana na kuzuia hewa. Uchanganye na makapi ya kahawa yaliyooza vizuri na mchanga mnene wa ziwani. Chungu lazima kiwe na matundu chini. Vile vyungu vya urembo visivyo na tundu nimeviona vikiua mimea mingi kuliko wadudu wote, na natamani wauzaji wangevitoboa kabla ya kuviuza. Mbolea ya maji, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kila baada ya wiki sita hadi nane, inatosha.

Wauzaji husema pia kwamba mmea huu unasafisha hewa ya nyumba. Chanzo cha maneno hayo ni utafiti wa shirika la anga la Marekani, NASA, wa mwaka 1989, uliofanywa ndani ya masanduku yaliyofungwa. Watafiti waliorudia hesabu hizo mwaka 2019 walionyesha kwamba ingehitajika mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba ili kufikia kazi inayofanywa na hewa inayopita kawaida ndani ya jengo. Nalisema hili kwa uzito kwa ajili ya wanaowasha sigiri chumbani. Hakuna mmea wa chunguni utakaokuokoa na hewa ya sumu ya mkaa. Fungua dirisha, na sigiri ikae nje.

Wenye watoto wadogo, paka au mbwa, wekeni mmea huu juu wasikofika. Majani na maua yake yana fuwele ndogo zenye ncha, za oksaleti ya kalisiamu, zinazochoma mdomo na koo. Ni fuwele za aina ile ile inayowasha ulimi ukila mayuni au magimbi ambayo hayakuiva, kwani mimea hii ni ya ukoo mmoja. Mtoto akitafuna, mtoe mabaki mdomoni, msukutulie kwa maji, mpe maji baridi au maziwa, wala usimlazimishe kutapika. Midomo au ulimi ukivimba, au akipumua kwa shida, mkimbize kituo cha afya. Baada ya kukata majani, nawa mikono kabla ya kugusa macho.

Limebaki lalamiko la mmea ulionunuliwa ukiwa na maua tele, ambao tangu hapo haujachanua tena. Vitalu vikubwa vya kibiashara mara nyingi hunyunyizia mimea hii jiberelini, homoni inayoilazimisha kuchanua kwa pamoja ili iuzike. Nguvu hiyo ikiisha, mmea hurudi kwenye mwendo wake wa asili na unaweza kukaa miezi mingi bila ua. Kama majani ni mazima, mwanga umeupima kwa kiganja, na mizizi haijajaa chunguni, huna la kurekebisha. Mizizi ikiwa imejaa hadi inachungulia kwenye matundu, uhamishe mwanzoni mwa mvua kwenye chungu kikubwa kidogo tu kuliko cha zamani, au ugawe vishina viwili, kila kimoja na mizizi yake na majani yasiyopungua matatu. Vilivyogawanywa hutanguliza mizizi na majani, na ua jeupe hufuata baada ya miezi kadhaa.